Picha Inaganda Episodi ya Pili: Uchambuzi wa Seti Moja ya DVD za Pande Mbili

Seti yenyewe ina diski 3. Ni msimu wa kwanza wa mfululizo wa upelelezi wa Kimarekani wa miaka ya 1970, episodi 22, kila moja dakika 48 hivi. Episodi zote hizo zimeenea kwenye diski 3 kwa sababu kila diski inachezwa pande zote mbili. Nyuso tano zina episodi nne nne, uso wa sita una mbili tu. Huo wa sita uwekeni akilini, maana ndio uliotoa ushahidi.

Mwenye seti ni mzee mstaafu wa reli hapa Tanga. Mfululizo huo aliuona ujanani akiwa Nairobi, enzi za Reli ya Afrika Mashariki, wakati Tanzania Bara haina televisheni hata moja ya kurusha matangazo. Binti yake anayeishi Marekani aliikuta seti hiyo mtandaoni, mtumba, akainunua na kumpa mtu aliyekuwa anakuja likizo. Zawadi ya namna hiyo haitupwi kwa sababu imeganda mara moja mbili. Mzee alishamwita fundi mmoja akabadilishiwa lenzi. Hali haikutengemaa, akanunua deki nyingine. Mjukuu naye akasikia mtaani kwamba dawa ya meno inatibu diski, akapaka uso mmoja na kuusugua kwa kanga. Ndipo mzigo wote ukaja kwangu Ngamiani ndani ya kikapu: diski tatu, deki mbili, rimoti moja.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Sasa niambie, deki ndiyo mgonjwa au mimi?"

Malalamiko yake yalikuwa bora kuliko ya wateja wengi, kwa sababu alikuwa ameandika. Maisha yake yote ofisini yalikuwa ya kuandika treni imefika saa ngapi na imechelewa wapi, na diski nazo alizifanyia vivyo hivyo kwenye daftari la shule. Episodi ya kwanza ya kila uso inacheza safi. Ya pili inaenda vizuri mpaka zinabaki kama dakika kumi, kisha picha inavunjika vipande vya mraba, sauti inakatikakatika, halafu kimya. Ukipeleka mbele kwa rimoti hadi episodi ya tatu ikiwa imeshakwenda dakika kumi hivi, inaamka na kucheza hadi mwisho wa ya nne kana kwamba hakuna kilichotokea. Nyuso zilitofautiana kwa ukali. Kwenye uso mmoja ilikuwa kwikwi ya sekunde chache, kwenye mwingine deki ilizima kabisa. Ila mahali palikuwa palepale: mwisho wa pili, mwanzo wa tatu.

Mbele ya uso wa sita alikuwa ameandika: "Hakuna tatizo."

Ukiwa na daftari la namna hii, nusu ya kazi imeshafanyika. Vumbi halichagui episodi. Mkwaruzo wa bahati mbaya hauji mahali pamoja kwenye nyuso tano za diski tatu.

Washukiwa waliokamatwa bure

Watu wakisikia diski imetoka Marekani, wanakimbilia kufuli ya eneo, ile inayozuia diski ya eneo moja la dunia isichezwe kwenye deki ya eneo jingine. Ni kweli DVD nyingi za Marekani na Kanada zimefungiwa eneo namba 1, na sisi pamoja na sehemu kubwa ya Afrika tuko eneo namba 5. Lakini kufuli hiyo inakataa tangu mwanzo: deki inaandika ujumbe wake na filamu haianzi. Haingoji dakika ya themanini. Isitoshe, deki nyingi za bei nafuu tunazouziwa hapa hazijali eneo. Mfumo wa picha wa NTSC, ule wa Marekani, nao nimewahi kuusikia ukitajwa. Televisheni ya zamani isiyoujua itakupa picha isiyo na rangi, au inayopanda na kushuka, lakini haitaganda. Tuachane na hayo.

Lenzi ni jambo la kujadiliwa kwa heshima, kwa hiyo fundi aliyenitangulia simcheki. DVD yenye tabaka moja la data kila upande inarudisha kwenye lenzi kati ya asilimia 45 na 85 ya mwanga wa leza. Yenye matabaka mawili upande mmoja inarudisha asilimia 18 hadi 30 tu, kwa sababu tabaka la kwanza limetengenezwa kwa makusudi lipitishe sehemu ya mwanga uende kusoma la pili. Ni kusoma gazeti kupitia pazia jepesi. Basi leza ikianza kuchoka, diski za matabaka mawili ndizo zinazokuwa za kwanza kuleta shida, huku diski za kawaida za sokoni zikiendelea kucheza. Fundi aliona dalili hiyo na akaitafsiri inavyotafsirika. Lenzi mpya ilisaidia kweli: diski ya pili, ambayo zamani wakati mwingine ilikuwa haitambuliki hata ikiingizwa, sasa ilikuwa inatambulika kila mara. Kuganda ndiko kulikobaki.

Nilichofanya kwanza ni kuchukua DVD yangu mwenyewe ya filamu ndefu, ya upande mmoja wenye matabaka mawili, na kuiweka kwenye deki zote mbili za mzee. Zote zilivuka kutoka tabaka hadi tabaka kwa kusita kidogo tu, kule kusita ambako ukiwa unaongea na mwenzio hukuoni. Maana yake deki zinajua kuruka tabaka na zina nguvu ya kusoma lile la ndani. Kuanzia hapo deki zikawekwa pembeni. Deki ya pili ilinunuliwa bila sababu.

Mahali penyewe ni ukingoni

DVD husomwa kutoka katikati kwenda nje, kinyume na santuri. Upande ukiwa na matabaka mawili, kwa filamu na mifululizo mpangilio wa kawaida ni huu: leza inasoma tabaka la kwanza kutoka ndani hadi ukingoni, inabadilisha fokasi papo hapo, kisha inasoma tabaka la pili ikirudi kutoka ukingoni kwenda ndani. Wamefanya hivyo ili lenzi isilazimike kusafiri kurudi katikati wakati wa kubadilisha tabaka.

Sasa chukua uso wenye episodi nne. Mbili za kwanza ziko tabaka la kwanza, mbili za mwisho tabaka la pili. Mwisho wa episodi ya pili uko ukingoni kabisa mwa diski. Mwanzo wa ya tatu nao uko ukingoni, juu yake, au tuseme nyuma yake. Daftari la mzee lilikuwa linachora ramani ya ukingo bila yeye kujua.

Wengi wanaojua habari za matabaka hukomea kusema "tatizo ni pale leza inaporuka". Hapa haikuwa hivyo. Ingekuwa ni mruko tu, ungepita sekunde chache mbele yake na picha ingekaa sawa. Seti hii iliharibika dakika kumi kabla na dakika kumi baada. Hicho ni kipande cha diski, kina upana wake, na upana huo unaweza kupigiwa hesabu. Data za DVD zinaanza takriban milimita 24 kutoka katikati na kuishia takriban 58. Kila tabaka hapa lina dakika 96. Duara la nje ni kubwa kuliko la ndani, kwa hiyo ukingo unabeba dakika nyingi kwa nafasi ndogo, na dakika kumi za mwisho zinakaa kwenye ukanda wa kama milimita 2.5 tu. Chukua rula uone zilivyo kidogo. Mgonjwa wetu ni pete nyembamba kiasi hicho pembeni mwa diski, kwenye matabaka yote mawili.

Uso wa sita sasa. Una episodi mbili, dakika 96 jumla, zinazotosha tabaka moja. Huo ni uso wa tabaka moja, na diski yake ni ya aina iitwayo DVD-14: upande mmoja matabaka mawili, upande wa pili moja. Episodi yake ya mwisho nayo inafika ukingoni. Ulikuwa na mikwaruzo ya kutosha, pengine kuliko wenzake, na ulicheza hadi majina ya mwisho kwenye deki zote. Upande wa nyuma wa diski hiyohiyo uliganda. Diski ingekuwa imepinda kwa joto, ungepinda uso na mgongo pamoja. Uchafu nao hautoshi kuwa maelezo. Kilichotofautiana kati ya uso uliopona na ulioumwa, kwenye plastiki moja, ni lile tabaka la ziada.

Gundi

DVD yoyote, hata ya upande mmoja, ni vipande viwili vya plastiki vyenye unene wa milimita 0.6 vilivyogandishwa mgongo kwa mgongo, vikatoa unene wa 1.2. Diski ya kawaida ya filamu yenye matabaka mawili ni rahisi kuielewa: kila kipande kimepigwa chapa ya tabaka lake, vinaunganishwa kwa gundi angavu katikati, na leza inapita kwenye cha kwanza na kwenye gundi hadi kufika cha pili. Ile ya pande mbili yenye tabaka moja moja, DVD-10, ni rahisi vilevile. Vipande viwili vinatazamana kwa migongo, basi.

DVD-18, aina ya diski mbili za kwanza za mzee, ndiyo kazi. Ina matabaka manne, mawili kila upande, na jumla yake ni karibu gigabaiti 17. Vipande vya plastiki ni vilevile viwili, kwa hiyo kila kipande lazima kibebe matabaka mawili peke yake. Njia iliyotumika ni ya kuhamisha: tabaka la pili linapigwa chapa kwenye plastiki ya muda, linapakwa aluminiamu, linagandishwa juu ya tabaka la kwanza kwa gundi angavu yenye unene wa takriban maikromita 55, kisha ile plastiki ya muda inabanduliwa na kutupwa, ikiacha ngozi ya aluminiamu yenye vishimo vya data. Halafu vipande viwili vilivyokamilika hivyo ndivyo vinaunganishwa kuwa diski moja. Hesabu mishono: gundi mara tatu badala ya mara moja, na katikati ya yote ngozi ya chuma isiyo na plastiki yake ya kuishika. DVD za aina hii zilianza kuuzwa mwaka 1999, na tangu hapo sifa yake kwa wanaokusanya filamu ni mbaya.

Ukingoni ndiko gundi hupungua au kuzidi wakati wa kusambazwa. Ukingoni ndiko unyevu huanzia kuingia mshono ukiachia. Na ukingoni ndiko kila mtu anashika. Diski ikikaa miaka kwenye nyumba yenye hewa ya bahari, sitashangaa ikizidi kuharibika, ingawa hizi zilifika Tanga zikiwa tayari zinaumwa, na mzee anakumbuka ziliganda wiki ileile alipozipokea.

Nilizitazama dirishani asubuhi, nikiinamisha diski mwanga uje kwa ubavu. Kwenye uso wa kwanza wa diski ya kwanza kulikuwa na wingu la kijivu lenye vidole vidole, limeanzia pembeni likaingia ndani kidogo. Ukipitisha ukucha juu yake husikii kitu. Plastiki ni laini. Ukifuta halisogei. Liko ndani. Diski ya pili ilikuwa na hali mbaya zaidi. Ukiishika wima na kutazama unene wake, unaona mstari wa mshono umezunguka katikati, na mahali pamoja mstari ulikuwa umefunguka, ufa mwembamba wa urefu wa ukucha wa kidole gumba. Hapo hakuna dawa ya meno itakayofika, wala mashine ya kung'arisha. Kusugua kunashughulika na uso wa plastiki, na ugonjwa uko chini ya uso. Ule uso aliousugua mjukuu ulikuwa umebaki na ukungu wa mikwaruzo midogo ya mviringo, yaani umeongezewa tatizo la pili juu ya la kwanza. Mikwaruzo ya kuzunguka kufuata njia ya leza ndiyo mibaya kuliko yote. Ukifuta diski, futa kutoka katikati kwenda nje, mstari ulionyooka, kwa kitambaa laini chenye maji kidogo.

Mjukuu, hata hivyo, namtetea kwa jambo moja. Diski hizi hazina mahali pa kushikwa. Diski ya upande mmoja ina uso wa picha na jina. Unailaza kwa picha chini, hakuna kinachoharibika, kwa sababu leza haisomi kupitia upande ule. Ya pande mbili ukiiweka mezani, uso mmoja unasugua meza vyovyote uwekavyo. Jina lake limeandikwa kwenye kijipete kinachozunguka tundu la katikati, kwa herufi ambazo mzee alizisoma kwa kioo cha kukuzia. Na herufi zenyewe zina mtego: kwa kawaida maandishi ya "upande A" yanatakiwa kutazama juu wakati upande A unachezwa, lakini leza inasoma kutoka chini, kwa hiyo data za A ziko mgongoni mwa maandishi yake. Mtu akiona upande A haufanyi kazi, anasafisha uso wenye herufi A. Anasafisha B.

Kwa nini wakatengeneza kitu kama hiki? Mwanzoni kulikuwa na sababu ya kueleweka. DVD zilipoingia sokoni Japani mwishoni mwa 1996 na Marekani mwaka 1997, kutengeneza matabaka mawili upande mmoja kulikuwa bado kugumu, kwa hiyo filamu ndefu iligawanywa: nusu huku, nusu kule, na mtazamaji akainuka katikati kwenda kugeuza. Filamu ya Goodfellas ilitoka hivyo mwaka 1997. Baadaye matabaka mawili yakawa jambo la kawaida na sababu hiyo ikafa. Seti kama ya mzee ni za katikati ya miaka ya 2000, wakati misimu mizima ya televisheni ilipogeuka biashara, na hapo hesabu ilikuwa ya kasha jembamba, diski chache, nafasi ndogo dukani. Gharama iliyookolewa kiwandani imekuja kulipwa na mstaafu wa Tanga kwa lenzi moja na deki moja. Na si kwamba tasnia hii haikuwa na pa kujifunzia: LaserDisc, zile diski kubwa za sentimita 30, nazo zilikuwa za pande mbili zilizounganishwa kwa gundi, na nyingi zilioza ndani kwa ndani. Mwaka 2025 Warner Bros. walikiri hadharani kwamba baadhi ya DVD zilizotengenezwa kati ya 2006 na 2008 zina kasoro, wakasema watawabadilishia wateja. Hiyo ni habari ya kampuni yao na diski zao, nimeitaja kwa sababu kuna watu bado wanasema DVD ya kiwandani haiwezi kufa bila mwenyewe kuiharibu. Inaweza.

Kuokoa kilichopo

Habari njema ni kwamba diski iliyokufa kwenye deki mara nyingi haijafa kwenye kompyuta. DVD huhifadhi data kwa mafungu ya kilobaiti 32, na kila fungu lina herufi za ziada za kujirekebisha. Mkwaruzo wa hadi milimita kama sita hurekebishwa bila wewe kujua. Fungu likizidiwa, linapotea lote, lakini kwa seti hii fungu moja ni chini ya sehemu ya ishirini ya sekunde. Picha itachafuka kwa nusu sekunde hivi mpaka ije fremu nyingine kamili, kisha itaendelea. Shida ya deki ni tabia: ikikutana na fungu bovu inarudi, inajaribu tena, inapunguza mwendo, inajaribu tena, na mafungu yakiwa mengi mfululizo inakata tamaa. Kinachomkwamisha mtazamaji si ukubwa wa pengo, ni ukaidi wa deki mbele ya pengo.

Nilitumia ddrescue, programu ya bure ya kunakili diski mbovu. Inachota kwanza kila kinachosomeka kirahisi, inaruka pabaya na kupaandika kwenye faili ya ramani, kisha inarudi kupachokonoa polepole, mbele na kinyume. Uzuri wa ramani ni kwamba unaweza kuhamisha diski kwenye draivu nyingine, yaani kifaa cha kompyuta kinachosoma diski, ukaendelea na nakala ileile. Itajaribu mapengo tu. Draivu hazifanani. Pale ya kompyuta mpakato iliposhindwa, ya kompyuta ya zamani ya mezani ilisoma, na kinyume chake. Kwa diski zenye ukingo mbovu mimi ningekuwa na draivu tatu kabla sijawa na dawa yoyote ya kusafishia.

Kuna mawili ya kuangalia. DVD za studio zimefungwa kwa siri, na draivu inakataa kutoa mafungu yaliyofungwa kabla haijafunguliwa. Ukianza ddrescue moja kwa moja, itakuonyesha karibu diski nzima ni mbovu, na mtu asiyejua atamrudishia mzee diski akisema zimekwisha. Cheza diski kidogo kwanza kwa programu kama VLC, draivu ifunguke, ndipo unakili. La pili: draivu ya kompyuta inakuruhusu kubadilisha eneo mara 5 tu, baada ya hapo inajifunga kwenye la mwisho. Ukiwa na draivu ya zamani, iachie kazi ya diski za Marekani usiibadilishebadilishe.

Uso wa sita ulitoka wote bila pengo, kama ilivyotarajiwa. Mgongo wake nao ulitoka wote, ila kwa mwendo wa kobe. Uso wa pili wa diski ya kwanza, wote. Ule wa dawa ya meno ulibaki na mapengo ya kuhesabika, yanaonekana kama mraba mdogo unaopita usoni mwa mpelelezi. Uso wa kwanza wa diski ya pili, karibu hivyohivyo. Uliokataa ni uso wa pili wa diski ya pili, wenye ule ufa. Mwisho wa episodi ya 14 una dakika kadhaa zisizotazamika, na episodi ya 15 inaanza mtu akiwa tayari ameuawa na hujui wapi. Kwa hadithi za upelelezi hilo ni pigo. Mzee alipoambiwa alicheka, akasema muuaji anamkumbuka tangu Nairobi.

Sasa anatazama kutoka kwenye flashi iliyochomekwa moja kwa moja kwenye televisheni, na nakala ya pili iko kwenye diski kuu ya nje kwa mjukuu. Diski za awali nimemwambia azisimamishe wima ndani ya kasha lake, kabatini, mbali na ukuta unaovuja jasho wakati wa masika, na asizicheze tena. Deki ya pili, ambayo haikuwa na kosa lolote, amempa mjukuu.

Binti ametumiwa ujumbe atafute toleo la baadaye kwa ajili ya zile episodi mbili, kwa kuwa studio nyingi ziliishia kuitoa mifululizo yao upya kwenye diski za upande mmoja. Nilimwandikia namna ya kulitambua bila kulishika. Asome idadi ya diski nyuma ya kasha: episodi 22 kwenye diski 3 ni zilezile, kwenye 5 au 6 ni za upande mmoja. Kisha amwombe muuzaji picha ya diski yenyewe nje ya kasha. Ikiwa na mchoro na jina kubwa juu yake, anunue. Ikiwa inang'aa tupu na herufi ziko kwenye kijipete cha katikati, aache, hata kama ni mpya ndani ya nailoni yake.